Tulipie kupima, tusilipie spea peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wenye magari wa Moshi na Arusha, na mafundi wenzangu nao wanisikie. Mimi ni fundi umeme wa magari, mama wa watoto watatu, na mwaka huu natimiza miaka 19 katika kazi hii. Gereji yetu iko Majengo, Moshi. Ninachotaka kusema kinahusu fedha ambazo watu wanazitupa kila siku kwa sababu katika miji yetu hakuna anayelipwa kutafuta tatizo. Wanaolipwa ni wanaofunga spea. Nitaanza na kioo cha mlango mmoja.

Mwezi wa nne, masika ikiwa imekolea, aliingia gereji mzee mmoja wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na gari dogo la Kijapani la milango minne. Kioo cha dereva kilikuwa chini, na dirisha lilizibwa kwa mfuko wa mbolea uliopasuliwa na kubandikwa kwa selotepu. Mkewe alikuwa kiti cha nyuma, amejifunika kanga na koti la mumewe, anakohoa. Walikuwa wanatoka kliniki, hospitali ya KCMC. Kwa wiki tatu walikuwa wakishuka na kupanda mlima na dirisha lile, na kule juu asubuhi ya masika baridi inaingia mpaka kwenye mifupa.

Nikamwamkia mzee. Akaitikia, akaniambia: "Mwanangu, kioo hiki kimeshakula laki moja na arobaini na bado kinanigomea. Kama na wewe utaniambia ninunue kitu, niambie mapema niondoke."

Laki moja na arobaini yenyewe ilikwenda hivi. Gereji ya kwanza walimwambia swichi ya dereva imekufa, wakamfungia nyingine ya mtumba kwa shilingi 55,000. Kioo kikabaki vilevile, kinashuka lakini hakipandi. Wakamwambia basi ni mota inayopandisha kioo, elfu sabini. Na ufundi elfu kumi na tano. Mota ilipofungwa kioo kikapanda mpaka juu, kikashuka, kikapanda tena, mzee akashuhudia kwa macho yake, akalipa. Kabla hajafika nyumbani kwake kikagoma, kikiwa chini, mvua inanyesha. Akarudi kesho yake. Wakavua kava la ndani la mlango, wakajaribu, kioo kikapanda. Wakamwambia gari halina tatizo, pengine anabonyeza vibaya.

Sikushika bisibisi. Nilimvutia mzee kiti, nikamwuliza maswali. Kioo kilianzaje kuugua? Akasema kilianza kwa kusitasita tangu Krismasi, siku kinapanda, siku hakipandi. Je, vioo vingine vitatu? Akasema hivyo hawavifungui, wao hutumia cha dereva tu. Nikamwomba akae kwenye usukani, afunge mlango, abonyeze kimoja kimoja. Cha nyuma kushoto kilishuka kwa kujikokota kama mgonjwa. Cha abiria wa mbele kilitikisika, kikanyamaza.

Hapo mota mpya nikaiondoa kwenye hesabu zangu, kwa sababu mota nne haziwezi kuchoka kwa pamoja. Vioo vyote vikizembea, tafuta mahali ambapo umeme wa vyote unapita. Lakini swali lililonipa jibu lilikuwa jingine. Nilimwuliza: "Mzee, siku walipokuonyesha kinapanda, mlango ulikuwa wazi au umefungwa?"

Akafikiri kidogo. "Ulikuwa wazi. Yule kijana alikuwa amesimama nje."

Nikafungua mlango, nikabonyeza. Kioo kikapanda. Nikaufunga nikiwa ndani, nikabonyeza, kimya. Nikaufungua tena nusu, kikapanda.

Naomba msomaji aelewe hapa, kwa sababu jambo hili linawapata wengi. Katika mlango wa dereva, karibu na bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye mlango kwenda kwenye bodi ya gari. Ndani yake zinapita nyaya zote za mlango huo: za vioo, za loki, za spika. Kila ukifungua mlango nyaya hizo zinanyooka, ukifunga zinakunjwa. Mlango unaofunguliwa mara kumi kwa siku, kwa miaka 20, umefunguliwa zaidi ya mara 70,000. Shaba ni laini lakini nayo inachoka. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua kwa vidole mahali palepale, utaona kinavyokatika uzi mmoja mmoja. Ganda la nje huweza kubaki zima kabisa wakati ndani zimebaki nyuzi mbili tatu. Mlango ukiwa wazi ncha zinagusana, ukifungwa zinaachana. Na fundi wa milango daima hufanya kazi mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo kila alichokifunga yule kijana kilionekana kimeponya.

Simlaumu kwa kuishuku swichi mara ya kwanza. Mota ya kioo ni moja tu, ina nyaya mbili; umeme ukipita upande huu kioo kinapanda, swichi ikiugeuza kinashuka. Kioo kinachoshuka na kukataa kupanda humfanya mtu aseme mota ni nzima, swichi ndiyo mbovu. Ni wazo zuri. Ila kushuka kunasaidiwa na uzito wa kioo chenyewe, na mota inayopata umeme kidogo inaweza kukishusha na isiweze kukinyanyua. Ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili, kuna njia moja tu, nayo ni kupima. Pale hakupima mtu.

Na kupima kwenyewe kuna kupima na kupima. Kijana ninayemfundisha alichomoa soketi ya mota, akaweka mita ya kupimia umeme, akambonyezesha mzee swichi, mlango umefungwa. Mita ikasoma volti 12.1. Akaniambia, "Mama, umeme umefika, mota ndiyo imekufa." Nikamwambia arudishe soketi kwenye mota, achomeke ncha za mita kwa nyuma ya soketi, kisha apime tena mota ikiwa inavuta. Mita ikasoma 3.6.

Hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wanadanganyika, na nami ilinidanganya miaka mingi. Uzi mmoja wa shaba unatosha kuifikishia mita volti 12, kwa sababu mita haili umeme wowote wa maana. Mota inakula. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, mtu aukanyage katikati huku wewe umeziba mdomo wake kwa kidole. Mpira utajaa na kukaza kana kwamba maji ni mengi. Achia kidole, yanatoka matone. Waya uliokatika nusu unafanya hivyohivyo. Lazima uupime ukiwa kazini. Asiye na mita achukue balbu ya taa ya breki ya wati 21 na nyaya mbili, aiweke mahali pa mota. Balbu hiyo inavuta karibu ampea mbili. Ikiwaka hafifu, umeme unapotea njiani, hata kama mita inakuimbia 12.

Tukaendelea, sasa kutafuta volti zilipopotelea. Betri ilikuwa na 12.2. Kwenye swichi, waya unaoleta umeme ulikuwa na 11.9 wakati mota inavuta. Safi. Tukageukia waya wa ethi, ule unaourudisha umeme kutoka kwenye swichi kwenda kwenye bodi. Ncha moja ya mita kwenye ethi ya swichi, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri. Pakasoma 8.1. Kijana akajumlisha mwenyewe: 3.6 za mota na 8.1 ni 11.7, na kidogo kilichobaki kinaliwa na swichi. Hesabu ikafunga. Sitasahau uso wake. Alikuwa amefeli fizikia kidato cha nne, na siku ile alimwonyesha mzee wa watu, kwa kalamu juu ya kipande cha boksi, mahali fedha zake zilipokuwa zimelala.

Na kwa nini vioo vyote vinne? Kwa sababu kwenye gari lile, kama yalivyo mengi ya aina hiyo, vioo vya abiria navyo vinarudisha umeme wao kupitia swichi kuu ya dereva. Ethi hiyo ikifa, vyote vinakufa nayo.

Tukachomoa mpira. Waya mweusi, ule wa ethi, ulikuwa umebakiza nyuzi mbili, shaba imegeuka kijani. Pembeni yake kulikuwa na waya mwingine uliowahi kusokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, tena palepale kwenye mkunjo. Ule nao tuliuondoa. Ukiunganisha kwenye mkunjo, hata kwa risasi ya kuchomelea, umeahirisha tu. Risasi inaufanya waya uwe mgumu kama msumari, na utakatika tena pembeni ya kiungo. Tulikata vipande viwili vya waya mpya wa unene uleule, karibu sentimita 40 kila kimoja, ili kiungo kimoja kikae ndani ya mlango na kingine ndani ya gari chini ya dashibodi, na kwenye mpira upite waya mzima usio na kiungo. Tukachomelea kwa risasi, tukavalisha mirija inayosinyaa kwa moto. Tukapima: ethi 0.1, mota 11.4. Kijana akafungua na kufunga mlango mara 30 huku mama yule, mke wa mzee, akibonyeza swichi na kuhesabu kwa sauti.

Saa mbili na nusu za kazi. Waya na mirija shilingi 3,000. Ufundi nikasema 25,000.

Mzee alikuwa tayari kulipa. Lakini alimpigia mwanawe aliyeko Arusha amtumie fedha, na mwanawe akaomba kuzungumza nami. Alikuwa mstaarabu, sina kinyongo naye. Aliniuliza: "Dada, umebadilisha nini?" Nikamwambia waya. "Waya wa bei gani?" Elfu tatu. "Sasa elfu ishirini na tano ya nini?"

Mhariri, swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Mwana huyo huyo wa mzee alikuwa ameshatuma laki moja na arobaini wiki mbili kabla, bila kuuliza, kwa sababu alitajiwa vitu: swichi, mota. Vitu vinashikika. Kutafuta hakushikiki, kwa hiyo kunaonekana ni wizi. Na mota ya kwanza ya gari lile, ambayo nina hakika ilikuwa nzima, ilibaki huko ilikofunguliwa. Sijui imekwenda kwenye mlango wa nani.

Nisitupe lawama kwa wengine tu. Mwaka 2011 nilimfungia mteja wa Himo mota mpya ya kioo cha abiria. Ya zamani ilikuwa inafanya kazi, inazima, ukingoja dakika kumi inafufuka. Nilisema imechoka. Mota hizi nyingi zina kinga ndani yake inayokata umeme zinapopata joto, kisha hujirudisha zikipoa. Kilichoipa joto ni raba za reli za kioo zilizokauka na kujaa vumbi, kioo kikawa kinakwaruza kama kinapanda kwenye msasa. Zilihitaji kusafishwa na kupuliziwa silikoni. Mota mpya ilikwenda miezi mitano, ikaanza yaleyale. Nilikuwa na watoto wadogo, na faida ya kuuza mota moja ilikuwa kubwa kuliko siku nzima ya kusafisha raba. Nilimrudishia mteja fedha kwa mafungu, na tangu hapo sijafunga spea nisiyoipima.

Ninachojua ni kwamba gereji nyingi hazina watu wabaya. Zina vijana wanaokula wakiuza spea na kulala njaa wakifikiri. Fundi akikaa saa mbili na mita akakuta kitufe cha kufungia vioo vya abiria kilibonyezwa na mtoto, utamlipa nini? Wengi husema asante na kuondoka. Lilinitokea mwaka jana: mtu ametoka Rombo, vioo vitatu havifanyi kazi, ameshaambiwa anunue swichi. Nilibonyeza kitufe, vikafanya kazi. Nikamdai 5,000 akaniona mwenye roho mbaya, ilhali nilikuwa nimemwokolea fedha ya swichi nzima.

Kwa hiyo nawaomba wenye magari: kabla hujakubali kununua mota au swichi, mwambie fundi akuonyeshe kipimo, mota ikiwa kazini, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Si lazima ujue umeme. Ukiona namba kwa macho yako, na fundi akajua utaiona, mambo yatabadilika. Umlipe kwa hiyo namba, hata kama usipofunga kitu kwake. Na spea yako ya zamani uondoke nayo, ni mali yako. Mwambie pia historia yote, mvua ilinyesha lini, kilianza kusita lini, nani aligusa nini. Nusu ya ugonjwa hujulikana hapo.

Kwa mafundi wenzangu nina moja ambalo halihusu fedha. Acheni kuvuta waya mmoja kutoka betri moja kwa moja kwenda kwenye kioo, bila fyuzi, kisha mnaweka swichi ya nyumbani chini ya dashibodi. Nimeyaona magari matatu ya namna hiyo mwaka huu. Fyuzi haikuwekwa pale kulinda mota. Inalinda waya usigeuke kuwa jiko. Kioo kikikwama kwenye reli na mtu akashikilia swichi, waya huo utaungua ndani ya mlango, na huenda nyuma kuna watoto wa shule. Fyuzi ikikatika mara mbili, usiweke kubwa zaidi. Tafuta mahali nyaya zilipogusana.

Na walimu wa vyuo vya ufundi, ambao kazi yenu naiheshimu kwa sababu imenilisha, wapeni vijana milango mizima yenye magonjwa ya kweli. Kata nyuzi za waya ndani ya mpira, ubakize mbili, umwambie mwanafunzi kioo hakipandi, uondoke. Kijana anayeletwa gerejini kwangu anaweza kuchora mzunguko wa mota vizuri kuliko mimi, lakini hajawahi kukutana na waya unaodanganya.

Mwana wa mzee alituma fedha yote siku ileile, na jioni akanipigia tena kuuliza jinsi ya kupima kioo cha gari lake mwenyewe kwa balbu. Tulizungumza nusu saa.

Tangu mwezi wa tano nimeandika kwenye ubao wa gereji yetu, juu kabisa, kabla ya bei nyingine yoyote: KUPIMA UMEME WA GARI 10,000, UNALIPA HATA KAMA HUJAFUNGA SPEA. Wiki ya kwanza wateja wanne walisoma ubao wakageuza magari. Mmoja amerudi. Ubao uko palepale, na rangi nimeshaipaka mara ya pili.

Fundi umeme wa magari,
Majengo, Moshi.